Mazutu: historia ya moshi kwenye barabara ya Mahoko

Barabara yetu hapa Mahoko ni moja tu. Inatoka Kigali, inapita Musanze na Mukamira, inapita Bigogwe kwenye baridi na mashamba ya viazi, kisha inashuka kona kwa kona hadi bonde la mto Sebeya. Hapo ndipo tulipo: soko, vinyozi, maduka ya simu, mashine za kusaga, vijana wa moto wanaongoja abiria. Ukiendelea unapita Nyundo, unaingia Gisenyi, unafika mpakani, na ng'ambo ni Goma. Mzigo wa Goma unaokuja kwa njia hii unapita mbele ya milango yetu: simenti, unga, mafuta ya kupikia, na mazutu. Wasomaji wetu wa Dar na Mombasa wanasema dizeli. Huku ni mazutu, na lori ni kamyo.

Historia ya barabara hii imeshaandikwa, na kila mara imeandikwa kwa hesabu ya watu waliopita. Julai 1994 walipita mamia ya maelfu wakielekea Goma, kwa siku chache tu. Novemba 1996 mamia ya maelfu wakarudi kwa njia hiyo hiyo. Sisi Wakongomani tumekuja kwa zamu zetu. Waliotangulia walifika miaka ya tisini, na pale Mudende, si mbali na hapa, waliuawa kambini mara mbili mwaka 1997. Sisi wengine tulifika 2012 tukapokelewa Nkamira, pale juu. Baada yetu wamekuja wengine, na mahema ya Nkamira yakajaa tena.

Mimi nataka kuandika juu ya wasiopita. Kuna watu wanakaa kando ya hii barabara miaka kumi, miaka ishirini, wakivuta kile ambacho kamyo zinaacha nyuma. Hao hakuna aliyewahesabu.

Nauza vitenge sokoni. Nilijifunza mapema kwamba kitenge cheupe au cha njano hakikai kwenye kamba ya mbele. Wiki mbili tu, mkunjo wa juu unakuwa wa kijivu, na ukiufua hautakati vizuri kwa sababu ule uchafu una mafuta ndani. Kwa hiyo mbele tunatundika rangi za giza, nyeupe zinakaa nyuma ndani ya nailoni. Wauza nguo wote wa barabarani wanajua hilo, na hakuna aliyetufundisha. Kuhusu nguo tuna elimu kamili. Kuhusu kifua, mtu akikohoa tunasema ni vumbi, ni baridi ya Bigogwe, au amelogwa.

Lazima niwe wa haki kwa kamyo. Kabla ya moteri kulikuwa na shingo za watu. Wajerumani walipoweka kituo chao Kisenyi, kila sanduku, kila risasi, kila chupa ilifika juu ya kichwa cha mpagazi. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika hapa kwenye ziwa Kivu, majeshi ya pande zote mbili yalikula mabega ya wapagazi. Kisha Wabelgiji wakachimbisha barabara za magari, na zilichimbwa kwa kazi ya lazima, jembe na ngozi ya mkono. Mzee mmoja wa hapa sokoni aliniambia kwamba baba yake alichimba. Anasema yeye alipokuwa mtoto, kamyo ikipita, walikimbia nyuma yake ili wanuse. "Ilikuwa inanukia vizuri," alisema. "Ilikuwa inanukia mzigo ambao si wewe unaubeba."

Nimelifikiria sana neno hilo. Linaeleza kwa nini hakuna aliyelalamika. Moshi ulikuja pamoja na nafuu, ukachukuliwa kuwa ni sehemu ya nafuu. Hata leo mji ukiwa kimya bila moteri tunasema umekufa.

Sasa huo moshi ni nini? Moteri ya mazutu haina cheche kama ya esansi. Inabana hewa mpaka inapata moto mkali, halafu mafuta yanarushwa ndani yanawaka yenyewe. Aliyeibuni ni Mjerumani Rudolf Diesel. Moteri yake ilikubali kufanya kazi vizuri mwaka 1897 mjini Augsburg. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 moteri ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, jambo ambalo mama zetu wangelipenda, lakini dunia ilichagua mafuta ya kuchimbwa ardhini. Moteri ikiwa nzuri na mzigo wa kadiri, mafuta mengi yanaungua. Ikiwa imechoka, au mzigo umezidi na mbele kuna mlima, sehemu ya mafuta haiungui yote. Inatoka masizi. Na sisi tuko chini ya mlima: kamyo zinazorudi kutoka mpakani zinaanza kukaza moteri hapa hapa kwetu.

Chembe nyingi za masizi hayo hazifiki hata mikroni moja, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70 hivi. Pua inazuia vumbi la kawaida. Chembe hizi haizizuii. Zinashuka mpaka vile vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu, na ndogo kabisa zinavuka zinaingia kwenye damu yenyewe. Juu yake zimebeba kemikali, mojawapo ni benzopaireni, ile ile iliyo katika moshi wa sigara. Pamoja na chembe kuna gesi: dioksidi ya naitrojeni inayowasha njia ya hewa, na monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, inayokalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu.

Siku moja ya moshi inakupa macho kuwasha, kichwa kuuma, kifua kubana, na kesho unaamka mzima. Miaka ni habari nyingine. Njia za hewa zinavimba, zinapoa, zinavimba tena, mwisho zinabaki nyembamba na zenye makohozi, na mtu anaanza kupumzika katikati ya ngazi. Mwenye pumu inazidi. Chembe zilizoingia kwenye damu zinachokoza mishipa, ndiyo maana hewa chafu inaua watu wengi kwa moyo na kiharusi kuliko kwa saratani, ingawa saratani ndiyo tunayoiogopa. Watoto nao: huko California walifuatwa watoto zaidi ya 3,600 kwa miaka 8, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Wale walioishi chini ya nusu kilometa kutoka barabara kuu walikua na mapafu yenye nguvu pungufu kuliko wenzao walioishi mbali. Nusu kilometa! Hapa Mahoko nusu kilometa ni mji mzima.

Watu wanauliza: haya yalijulikana lini? Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walikusanya masizi ya moteri ya dizeli, wakatoa ile kemikali yake, wakapaka kwenye ngozi ya panya. Panya wakaota uvimbe wa saratani. Barabara hii ilikuwa bado ya udongo. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani pale Lyon, Ufaransa, likasema moshi wa dizeli "huenda" unasababisha saratani kwa binadamu. Hilo "huenda" lilidumu miaka 24.

Lililoliondoa ni kazi ya wachimba migodi. Serikali ya Marekani ilichukua migodi 8, ya chumvi, potashi, trona na chokaa, ambamo hakukuwa na vumbi jingine kubwa la kuchanganya hesabu, ikafuata wafanyakazi 12,315. Mashine za dizeli zilikuwa zimeingizwa chini ya ardhi kati ya 1947 na 1967, na tarehe zilikuwa zinajulikana. Makampuni ya migodi yalipigana mahakamani miaka mingi juu ya nani aone matokeo kwanza. Yalitoka Machi 2012. Waliovuta moshi mwingi zaidi walikufa kwa saratani ya mapafu kama mara tatu ya waliovuta kidogo. Na kwa wale ambao hawakuwahi kuvuta sigara, waliovuta moshi mwingi zaidi walikuwa mara saba ya wenzao wa moshi kidogo. Tarehe 12 Juni 2012, Lyon wakaliondoa "huenda". Moshi wa dizeli ukawekwa daraja la kwanza, pamoja na tumbaku na asbesto.

Juni 2012 sisi tulikuwa Nkamira. Vita vya M23 vilikuwa vimeanza miezi michache kabla, hema zilijaa, na mwezi huo huo kambi ya Kigeme ilikuwa inafunguliwa ili watu wapungue. Kamyo zilizotuchukua zilisimama na moteri inawaka, maana ukizima huenda isiwake tena, na watoto walikaa upande wa nyuma karibu na bomba kwa sababu kulikuwa na joto. Simlaumu mtu. Usiku wa Nkamira ni baridi.

Kitu kinachonishangaza katika ile kazi ya wachimba migodi si hiyo mara tatu wala mara saba. Ni daftari. Iliwezekana kujua ukweli kwa sababu kila mchimbaji aliandikwa: aliingia kazini mwaka gani, alifanya kazi sehemu gani ya mgodi, karibu na mashine gani, akaacha lini, akafa kwa nini. Hata kima wamepata daftari. Mwaka 2014, huko Albuquerque, kima 10 walifungiwa kwenye vyumba vya vioo wakavutishwa moshi wa gari la Volkswagen huku wakionyeshwa katuni ili watulie, katika utafiti uliolipiwa na taasisi ya makampuni ya magari ya Ujerumani. Habari ilipotoka Januari 2018 dunia ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Ila nilivyosoma nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Nilisema: angalau mtu alikaa pale na kalamu.

Huku kwetu kalamu zimefika kwanza kwenye miji mikubwa. Mombasa hadi Kigali ni zaidi ya kilometa 1,600, na nchi zilizo kwenye njia hiyo zilitia saini mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini mwaka 1985, Zaire ikajiunga baadaye. Kwa hiyo kamyo inayopumua hapa Mahoko huenda imeshapumua Nairobi wiki iliyotangulia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Columbia, New York, walipima hewa ya mchana kando ya barabara za Nairobi. Walipata chembe ndogo kuanzia mikrogramu 58 hadi 98 katika kila meta ya ujazo. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza tangu 2021 ni 15 kwa siku, na 5 kwa wastani wa mwaka. Kigali nayo ilianza siku ya kufunga barabara kwa magari mwaka 2016, mwaka huo huo Rwanda ikatoa sheria ya kulinda hewa, na leo moto za umeme zinapita pale bila kelele. Ni mambo mazuri, nayasifu. Lakini kamyo ya mpakani haina siku ya mapumziko, na moto ya umeme haibebi simenti.

Mafuta yenyewe yamesafishwa, hilo tusilifiche. Risasi, yaani yale madini yaliyotiwa ndani ya esansi tangu miaka ya 1920 na kuharibu akili za watoto, nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006. Kwa mazutu tatizo lilikuwa salfa. Salfa inaongeza masizi na inaua kichujio cha gari. Tarehe 1 Januari 2015 nchi tano za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwemo, zilishuka pamoja hadi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, wakati zamani ziliruhusu mara kumi ya hapo na zaidi. Kongo haikuwa ndani ya jumuiya wakati huo, iliingia 2022. Na mazutu safi hayasaidii sana moteri iliyokufa. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kuuzwa nje, asilimia 40 hivi yakaja Afrika. Ripoti ya 2020 ilisema wazi kwamba mengi yasingeruhusiwa kutembea kule yalikotoka. Uholanzi walichunguza yanayoondoka bandarini kwao wakakuta mengine vichujio vyake vimeshang'olewa, kwa sababu ndani yake mna platinamu na platinamu ni pesa. Sisi tunaita okazyo, tunashukuru bei.

Mpaka hapa nimesema juu ya barabara, kama vile moshi wote unatoka kwenye bomba linalopita. Kuna moteri nyingine ambayo haipiti. Iko ndani ya nyumba.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa mulini, mashine ya kusaga. Alianza Sake mwaka 1998 akasaga mihogo na mahindi mpaka 2012 tulipokimbia. Mwaka 2014 akapata kazi hiyo hiyo hapa Mahoko, akaifanya mpaka 2024. Ni miaka 24 ya kusimama meta mbili kutoka moteri ya mazutu, katika chumba chenye mlango mmoja na dirisha moja. Bomba la moshi linatoka kwenye tundu la ukuta, urefu wa mkono, na upepo wa bondeni ukigeuka moshi unarudi ndani kama mwenye nyumba. Vumbi la unga linaelea, moshi unashika vumbi, na Mjomba anacheka katikati, mweupe kichwani na mweusi puani. Wakati wa mafuriko ya Sebeya, usiku ule wa Mei 2023 uliochukua watu zaidi ya 130 katika magharibi na kaskazini ya nchi, matope yalifunika ile moteri. Mwenye mulini akanunua nyingine, okazyo, na hiyo ilikuwa inatoa moshi mzito kuliko ya kwanza. Umeme upo Mahoko na mashine za umeme zipo. Lakini mwenye mulini alikuwa ameshapoteza kila kitu na moteri ya mazutu ndiyo iliyokuwa inauzwa kwa mkopo.

Kikohozi kilikuwepo zamani. Kupanda mlima ndiko kulikoanza kumshinda. Nilimsindikiza kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Muuguzi alikuwa binti mwenye adabu, alimpa kiti, alifungua karatasi.

"Mzee, unavutaka tumbako?"

"Hapana. Sijavutaka hata siku moja."

"Hata zamani, kwenu kule?"

"Hata zamani. Mimi ni Mwadiventista, mwanangu."

Akaandika. Akauliza pombe, akauliza kifua kikuu nyumbani, akauliza kama tunapika kwa kuni au makala. Akachukua makohozi. Yalipimwa mara tatu kwa siku tofauti na hakukuwa na kifua kikuu. Akapewa vidonge, vikaisha. Mara ya nne, hospitali nyingine, akapuliza ndani ya bomba la kupimia pumzi akaambiwa ana ugonjwa sugu wa njia za hewa, ule ambao haurudi nyuma. Daktari akamshauri, kwa upole kabisa, aache sigara.

Sijaandika haya ili nimshitaki daktari. Wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka kwenye veranda. Ninachotaka tuone ni ile karatasi. Katika mara zote nne hakuna mstari ulioulizia moteri. Hakuna aliyeuliza: mzee, umefanya kazi gani, miaka mingapi, chumba kilikuwa na madirisha mangapi? Kumbe jibu lilikuwa limeshaandikwa mahali. Katika karatasi yake ya ukimbizi, tangu siku ya kwanza, kuna sehemu ya kazi, na mtu aliandika kwa herufi nzuri: msagaji wa nafaka. Karatasi moja inajua kazi yake haijui kifua chake. Nyingine inajua kifua haijui kazi. Zimekaa kwenye makabati tofauti, na Mjomba anatembea katikati yake, akipumzika kila hatua ishirini.

Moshi wa mulini peke yake hauwezi kuhukumiwa kwa kila kikohozi chake; unga nao unadhuru, na kuni za utotoni Masisi nazo. Mapafu hayaandiki nani alipita. Lakini ndiyo sababu ya kuuliza yote, si sababu ya kuuliza sigara peke yake.

Kwamba sababu inaweza kuandikwa tunajua kutoka London. Mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah alikufa Februari 2013, ana miaka 9, baada ya kuugua pumu kali na kulazwa mara nyingi. Nyumba yao ilikuwa meta 30 hivi kutoka barabara ya South Circular, yenye magari usiku na mchana. Uchunguzi wa kwanza, 2014, ulisema alikufa kwa kushindwa kupumua. Basi, kila mtu anakufa kwa kushindwa kupumua. Mama yake, Rosamund, ni mwalimu, hakukubali. Vipimo vya hewa vya kituo kilichokuwa karibu na kwao vikalinganishwa na siku ambazo mtoto alilazwa, mahakama kuu ikafuta ule uchunguzi wa kwanza mwaka 2019, na Desemba 2020 afisa wa vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza. Mama mmoja, na tarehe mbili mbili zilizowekwa pembeni mwa nyingine. Alikuwa na bahati mbaya kuliko sisi sote na bahati moja ambayo sisi hatuna: karibu na nyumba yake kulikuwa na mashine ya kupima hewa.

Mahoko sijaona mashine hiyo. Daftari, hata hivyo, ni faranga mia tano.

Nimenunua moja, la mistari, la kurasa 96. Nimechora safu tano: jina, kazi, mwaka alioanza, umbali kutoka bomba la moshi, na kifua. Nimeanza na wenye mulini na waosha kamyo, kisha mama wa mihogo na wa mahindi ya kuchoma, fundi wa garaji, vijana wa moto, na konvwayeri mmoja ambaye wengine mnamwita utingo. Umbali nahesabu kwa hatua zangu, na hatua zangu nimezipima kwa utepe wa kushonea. Mwenye mulini wa zamani wa Mjomba alinikasirikia siku ya kwanza, akidhani natumwa na kodi. Siku ya tatu aliniita mwenyewe. Tukapima bomba lake, tukakubaliana kwamba vipande viwili vya bomba la bati na kona moja vinatosha kuupeleka moshi juu ya paa. Amevinunua. Bado havijafungwa, anangoja mtu wa kuchomelea.

Si wote wanaokubali. Wengine wanaogopa kwamba mkimbizi akiandikwa mgonjwa jina lake litarudi nyuma kwenye foleni ya kuhamishiwa nchi nyingine. Nimewaeleza kwamba daftari ni letu na halitoki sokoni. Jumatano iliyopita nilimwandika mama anayeuza sambaza kwenye kona, pale kamyo zinapobadilisha gia. Ameanza 2003. Hatua sita kutoka lami. Kwenye safu ya kifua nilimuuliza niandike nini, maana nilimsikia akikohoa tangu naingia.

"Andika ninauza," alisema.

Nikaandika: anauza. Akaniangalia nikiandika, akafunga samaki wa mteja kwenye gazeti, akasema niache nafasi kidogo pale mbele yake.